Sahani za Kijapani katika Nyumba za Mbwera

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za sahani. Twajua wako watakaocheka wakisema, "Sahani ni chombo cha kulia wali, watu wakiisha kula huoshwa ikafunikwa, na maneno yake yamekwisha." Nasi zamani tulikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka siku tulipoanza kuzigeuza sahani za wazee wetu na kutazama migongo yake. Tangu hapo kila tuingiapo nyumbani kwa mtu macho yetu hutangulia kabatini kabla hatujakaribishwa kiti, na wenyeji wamekwisha kutuzoea, husema, "Hao wa sahani wamefika."

Kwetu ni Mbwera, katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji. Asiyepajua na afikiri mto mkubwa uliosafiri mbali, ukakaribia bahari ukiwa umechoka, ukajigawanya mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo pakawa visiwa vya tope vilivyojaa mikoko, misinzi, mikandaa na michu. Kufika kwetu ni kwa chombo cha majini, nacho huenda kwa amri ya maji: yakijaa twaenda, yakitoka twangoja topeni. Watu wa mbali wakisikia jina la delta huuliza habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha humo hata ikazamishwa mwezi wa Julai 1915. Habari hiyo imesemwa sana, wala sisi hatuna la kuongeza. Habari yetu ni ya vyombo vya kulia.

Katika miji ya mawe kama Lamu, nyumba za matajiri zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu katika ukuta wa chokaa, na ndani yake zilikaa bakuli na sahani za kigeni ili zipendeze macho ya wageni. Kwetu hapana zidaka, maana ukuta wa miti na udongo hauwezi kuchongwa namna hiyo. Sahani nzuri ya mtu wa delta ilikaa katika susu, ikining'inia darini juu ya kichwa, mbali na panya na mbali zaidi na watoto. Ilishushwa siku ya harusi, siku ya Idi, na siku alipokuja mgeni wa heshima. Pengine ndiyo sababu zimepona. Sahani ya kidakani huonekana kila siku, na kila mtu hutaka kuishika. Sahani ya susuni husahauliwa, na kusahauliwa ni ulinzi mzuri kuliko kufuli.

Mapenzi ya watu wa pwani kwa vyombo vya kauri si ya jana. Kule Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi karibu na Dar es Salaam, na Tongoni karibu na Tanga, yako makaburi ya kale yenye nguzo, na katika nguzo na kuta zake zilipachikwa bakuli na sahani, nyingi za Kichina, kwa kuwapamba waliolala humo. Mwaka 1955 bingwa wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani baina ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabu kwa wingi wa vigae vya Kichina alivyovikuta ardhini. Akasema ya kwamba historia iliyozikwa ya Tanganyika, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri ya Uchina. Tena hapa hapa Kibiti, mahali paitwapo Mkukutu, Profesa Felix Chami alipata katika miaka ya 1990 shanga za zama za Warumi. Basi mtu asidhani kwamba delta ilikuwa pembe ya dunia isiyofikiwa na mtu. Mahali penye boriti, mchele na maji ya kutia nanga, wafanya biashara hufika.

Lakini sahani tulizozikuta sisi katika masusu ya Mbwera, nyingi si za Wachina. Zilipogeuzwa zilionyesha maandishi ya Kiingereza yasemayo zimefanywa Japani. Jambo hili lilitushangaza mwanzo, nalo ndilo lililotutia katika kukusanya.

Mjapani aliingia nyuma katika kazi ya kauri. Wakorea na Wachina walikuwa mabingwa wake kwa karne nyingi. Mwisho wa karne ya 16, baada ya vita alivyovipiga Hideyoshi katika Korea, tangu 1592 hata 1598, wafinyanzi wengi wa Kikorea walichukuliwa Japani, na mwanzo wa karne ya 17 ukapatikana udongo mweupe ufaao karibu na mji wa Arita, katika kisiwa cha Kyushu. Vyombo vya Arita vilipakiwa katika bandari ya Imari, kwa hiyo hata leo watu huviita kwa jina la bandari, kama vile sisi tunavyoiita nguo ya marekani kwa jina la nchi iliyoileta. Mwaka 1644 dola ya Ming ilianguka, Uchina ikaingia machafuko, na Waholanzi, ambao tangu 1641 walikuwa Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara katika Japani, wakageukia Arita. Mwaka 1659 waliagiza vyombo zaidi ya 50,000, na sehemu kubwa ya vyombo hivyo ilikuwa ya kupelekwa Mocha, bandari ya Yemeni. Hatusemi ya kuwa hata kimoja kilifika Mbwera. Twasema bahari ni moja, na anayetoka Mocha kwa upepo wa kaskazi haoni ukuta mbele yake.

Wachina walipofungua tena biashara yao ya baharini mwaka 1684 waliuza kwa bei nafuu, na soko la Wajapani nje likapungua. Yaliyofuata twayapita upesi, kwani ni mambo ya wafalme na manowari. Bandari za Japani zilifunguliwa kwa mataifa mengi mwaka 1859. Utawala mpya wa Meiji ukaanza 1868. Na Wajapani wakashika kazi ya kuuza vitu nje kwa bidii ambayo watu wengine waliichukia na wengine waliishukuru. Katika mji wa Nagoya ilianzishwa mwaka 1904 kampuni ambayo sasa yajulikana kwa jina la Noritake, na ilichukua miaka kumi kabla haijaweza kutoa seti ya sahani za mezani, kwa kuwa sahani bapa na pana ni kitu kigumu: hupinda katika tanuri. Mama zetu wafinyanzi hawatalistaajabia neno hili, maana wanajua kwamba chungu cha mviringo husimama, bali kigae kipana husaliti.

Sasa, sahani hizi zilifikaje katika matope yetu? Njia zilikuwa mbili, na twaona ni vema kuzieleza kwa kirefu kidogo.

Ya kwanza ni ya meli. Mwaka 1926 kampuni ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za meli zake mpaka Afrika Mashariki. Tena kulikuwa na mikataba ya Bonde la Kongo, ya mwaka 1885 na ya mwaka 1919, iliyokataza serikali za sehemu hizi kutoza bidhaa za taifa moja ushuru mkubwa kuliko wa jingine. Tanganyika ilikuwa ndani ya mipaka ya mikataba hiyo. Kwa hiyo Waingereza, ijapokuwa ndio waliotawala, hawakuweza kuizuia bidhaa ya Kijapani mlangoni. Ikaja, nayo ilikuja kwa wakati wake: bei za mazao zilianguka baada ya 1929, mtu wa shamba akawa hana fedha, na nguo ya Kijapani na chombo cha Kijapani vikawa ndivyo alivyoweza kununua. Vilipitia Dar es Salaam, vikaingia katika maduka ya Wahindi, na kutoka huko vikasambaa kwa mashua hata penye vituo vidogo vya mtoni. Desemba 1941, vita vilipoanza baina ya Japani na Uingereza, njia hiyo ikafungwa kama mlango upigwao na upepo. Sahani iliyokuwa imekwisha kuingia nyumbani ikawa haina badala yake, na hapo ndipo wenyewe walipoanza kuitunza.

Njia ya pili ni ya majahazi ya boriti. Misitu yetu ya mikoko Wajerumani waliitangaza kuwa hifadhi mwaka 1898, na kituo chao cha kazi ya miti kilikuwa Salale. Kabla yao na baada yao, majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yaliingia kila msimu kupakia boriti za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, aliingia deltani katika jahazi la Kuwait ambalo nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir al-Najdi, akaona kwa macho yake kazi ile ya taabu, joto, tope na mbu. Kitabu chake kilitoka 1940. Mabaharia wa majahazi haya hawakuwa matajiri, lakini kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kuchukua sanduku lake na bidhaa yake ndogo ya kuuza bandarini. Wazee wa kwetu wanazikumbuka tende, na mazulia, na masanduku yenye misumari ya shaba, na katika nyumba mbili tatu tuliambiwa ya kuwa sahani ilitoka katika sanduku la baharia, ikabadilishwa kwa kuku na mchele.

Twaja kwenye kazi yenyewe ya kuzitambua. Hapa wakusanyaji wapya hudanganyika sana, nasi tulidanganyika kabla yao.

Jambo la kwanza ni kujua kama chombo ni kauri au ni udongo wa kawaida uliopakwa mng'aro. Kishike kwa ncha za vidole, ukigonge ukingoni kwa ukucha. Kauri nzima hulia kama kengele ndogo. Udongo hujibu kwa sauti nzito, na kauri yenye ufa hukoroma. Kisha iinue sahani mbele ya jua au taa, na mkono wako uwe nyuma yake. Kauri nzuri itakuonyesha kivuli cha vidole; udongo hauonyeshi kitu. Kwa majaribio hayo mawili utakuwa umekwisha kuzitenga sahani nyingi za Ulaya, hasa zile zilizotoka viwanda vya Maastricht katika Uholanzi, zenye maua makubwa ya rangi kali yaliyopigwa kwa sifongo na kumaliziwa kwa brashi. Hizo zilifika kwa wingi pwani ya Unguja na kwingineko katika karne ya 19, nazo zapendeza sana, lakini si kauri wala si za Kijapani.

Jambo la pili ni kujua kama picha imechorwa kwa mkono au imepigwa chapa. Tazama mahali mchoro unapokutana na mwanzo wake baada ya kuzunguka ukingo: chapa ni karatasi iliyobandikwa, na mara nyingi miisho yake haikutani sawasawa, ua likakatwa nusu. Mkono wa mtu haukati ua nusu, hulibana likatosha. Tazama tena majani mawili yanayofanana: yaliyochorwa yana unene tofauti, pale brashi ilipoguswa na pale ilipoinuliwa. Pitisha kidole. Rangi nyekundu na kijani na dhahabu zilizotiwa juu ya mng'aro utaziona kwa kidole kama vinundu vyembamba. Buluu iliyotiwa chini ya mng'aro haisikiki kabisa. Katika karakana za Arita kazi iligawanywa: mmoja alichora mistari, na mwingine, aghalabu mwanamke, alijaza rangi kwa brashi nene iliyolowa. Ukitazama vizuri utaona rangi iliyovuka mstari kidogo, na pale mtu hukumbuka ya kuwa aliyefanya kazi hii alikuwa na vikombe na sahani mia vinavyomngoja kabla ya jua kutua.

Jambo la tatu ni kitako cha sahani. Sahani kubwa za kale za Arita mara nyingi zina alama ndogo tatu, nne au tano, kama mahali pa chunusi iliyopona. Ni nyayo za vijiti vya udongo vilivyoshikilia sahani isibonyee katika tanuri. Sahani za Kichina za namna hiyo kwa kawaida hazina. Na maandishi je? Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 iliyaanzisha: tangu 1891 ilidai kila bidhaa ya kigeni iandikwe jina la nchi yake, na Wajapani wakaandika "Nippon", tangu 1921 wakatakiwa kuandika "Japan". Baada ya vita, mpaka 1952, ziko zilizoandikwa ya kuwa nchi ile imekaliwa na majeshi ya kigeni. Kwa hiyo sahani yenye neno "Japan" si ya miaka mia tatu, hata muuzaji aape kwa jina la babu yake. Lakini isiyo na neno lolote nayo si lazima iwe ya kale. Tumekwisha kulipa fedha nyingi kwa kosa hilo, wala hatutasema ni kiasi gani, kwani wake zetu wanasikiliza.

Sasa twataka kusema neno zito kidogo. Siku hizi hupita wachuuzi katika vijiji vya delta wakiwa na sahani mpya za melamini, nyepesi, zisizovunjika, nao hubadilishana na wenyeji: mpya mbili au tatu kwa moja ya kale. Mtu mwenye watoto wengi huona ni faida, na katika jikoni ni faida kweli, hatuwezi kumlaumu. Wala si haramu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863, visitolewe nchini bila kibali, na sahani ya Kijapani ya miaka ya 1930 haimo katika hesabu hiyo. Ni mali ya mwenyewe, auze atakavyo. Ila sahani iliyobanduliwa katika kaburi ni jambo jingine kabisa. Nenda Tongoni utazame nguzo, utaona mashimo ya mviringo mahali zilipokuwa bakuli, kama macho yaliyotolewa. Mtu akikuletea sahani yenye chokaa ya kale mgongoni, mrudishie mkononi mwake na usimwulize bei, kwa kuwa kuuliza bei ni kumfundisha kurudi.

Hayo ni makosa ya watu wengine. Letu ni hili.

Mwaka mmoja, mpunga ulipokuwa unakaribia kuiva, tulifika katika nyumba moja ya Mbwera. Mwenye nyumba, bibi mzee ambaye hatutamtaja, alikuwa shambani katika dungu, akilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Tulimkuta mjukuu wake, kijana aliyekuwa akitafuta fedha za nyavu. Tulimweleza tutakacho, akapanda kinu, akaishusha sahani kutoka susuni. Ilikuwa ya Kijapani, upana wake kama shibiri na nusu, ukingoni maua mekundu yenye mistari ya dhahabu, yamechorwa kwa mkono bila shaka yoyote, na katikati nyeupe tupu. Kijana akataja bei. Hatukubishana, kwa kuwa bei ilikuwa ndogo, na tulipokuwa katika mashua tulipongezana kama watu waliopiga papa. Tulikwenda nayo Dar es Salaam, tukaifunga waya ukingoni, tukaiangika ukutani.

Tuliporudi Mbwera baada ya miezi saba tulimkuta bibi mwenyewe barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeniletea sahani yangu?"

Tukanyamaza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuchoma. Akatueleza kwa upole, kama mtu amwelezaye mgeni njia ya kisimani, ya kuwa ile ilikuwa sahani ya kombe. Wasikilizaji wa pwani wanaelewa; kwa wengine twasema kwamba kombe ni dawa ya maandiko. Mwalimu huandika aya za Kurani katika sahani nyeupe kwa zafarani iliyoyeyushwa katika maji ya mawaridi, kisha maandishi huoshwa kwa maji safi na mgonjwa huyanywa. Weupe ule wa katikati, ambao sisi tuliuona ni upungufu wa mchoraji, ndio uliofanya sahani ile ichaguliwe. Mwalimu wa mtaa ule, na mwalimu aliyemtangulia, waliandika humo kwa ajili ya watoto wenye homa, na wanawake waliokaribia kujifungua, na wavuvi waliorudi hawalali usiku. Haikuwa sahani ya bibi, alisema. Ilikaa kwake tu, kwa kuwa susu lake lilikuwa imara.

"Na sasa mwalimu anaandika katika nini?" tukauliza.

"Katika hizi mpya," akasema. "Zafarani inashika. Mtu anaosha, na nusu ya maneno inabaki sahanini."

Sisi tulikuwa tumejua mwaka wa alama yake, na aina ya rangi yake, na namna ilivyosimama katika tanuri upande wa pili wa dunia. Hatukuwa tumeuliza ilikuwa ikifanya kazi gani. Tangu siku ile hatununui sahani kwa mtu asiyekuwa mwenyewe, wala hatuinunui siku ya kwanza kuiona. Twauliza kwanza nani alikula humo, na siku gani hushushwa, na nani mwingine ana haki nayo. Mara nyingi baada ya majibu hayo hatununui. Twaipiga picha, twaandika habari zake katika daftari, na twairudisha susuni. Daftari letu sasa ni nene kuliko kabati letu lilivyojaa.

Kwa wale walio na sahani za namna hii nyumbani, twaongeza maneno machache ya utunzaji. Msizisugue kwa mchanga wala majivu wala nyuzi za chuma, maana dhahabu iko juu kabisa na huondoka kama vumbi. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Limau na siki hula rangi. Mkizipanga moja juu ya nyingine, wekeni kitambaa katikati, kwa kuwa kitako cha moja ni kikavu na hukwaruza uso wa mwenzake. Na waya wa kuangikia msiutie kabisa. Sababu yake tutaisema sasa hivi.

Tuliporudi mjini tuliishusha sahani ukutani. Waya ulikuwa umebana ukingo, na tulipoufungua kipande kikaruka, pengo dogo kama punje ya mchele. Tulikaa kitako tukitazamana. Mmoja wetu alitaka tulizibe pengo kwa rangi. Tukaona ni kuongeza uongo juu ya kosa. Tukaifunga katika kanga mbili, tukaipakata katika gari hata Nyamisati, na kutoka Nyamisati katika mashua, maji yakitupiga, hapana aliyekubali kumwachia mwenzake aishike.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama maua. Aliigonga kwa ukucha akasikiliza, kisha akapitisha kidole ukingoni pole pole mpaka kilipofika penye pengo, kikasimama.

"Imerudi imepungua jino," akasema. "Nami vilevile."

Fedha alitaka kuturudishia, nasi tulikataa, na yule kijana mwenye nyavu alikuwa amesimama mlangoni akitazama chini. Yalikwisha kwa chai na mihogo. Tulipokuwa tunaaga, bibi aliingia ndani akatoka na kigae kimoja, nusu ya sahani, alichokiokota miaka mingi nyuma katika kingo za shamba maji yalipokula ardhi. "Hiki hakina mwenyewe," akasema, "chukueni mkasome." Kilikuwa cheupe chenye michoro ya buluu, kimechakaa, na mioyo yetu ilidunda, maana kwa mbali kilifanana na vyombo vya kale vya Kichina. Tulikiinua mbele ya jua hapo hapo barazani. Jua halikupita. Tukakigeuza, tukafuta tope la kitako, na chini yake tukaona mhuri uliofutika nusu, herufi za Maastricht.